Kusomea Maisha ya Watu: Ni Kazi Gani Hiyo?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliomba nakala ya kusomea wenzao nyumbani.)

Asanteni kwa kuacha palizi mkaja. Najua wengine mmetembea tangu alfajiri. Sitawaweka sana, lakini pia sitakimbia, kwa maana swali tulilo nalo leo si dogo.

Mwezi uliopita tulipokutana hapa, baba mmoja alisimama wakati watu walikuwa wameanza kuokota vikapu vyao waende. Akasema hivi: "Madam, binti yangu ameitwa chuo kikuu. Tulifurahi sana. Lakini barua inasema atasomea sosholojia na kazi za jamii. Nimeuliza watu, hakuna aliyeniambia hiyo ni kazi gani. Angekuwa nesi, ningejua. Angekuwa mwalimu, ningejua. Sasa niuze ng'ombe mtamba kwa kitu ambacho sikijui?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na mimi pia sikucheka. Mtamba ni maziwa ya kesho. Mtu akiuliza kabla ya kuuza, huyo si mjinga. Nilimwomba anipe mwezi mmoja nijibu vizuri. Leo nimekuja kulipa deni hilo, na nataka sote tusikie, kwa sababu jambo hili linahusu vikundi vyetu kuliko tunavyodhani.

MANENO MAWILI

Tuanze na maneno yenyewe. Sosholojia ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: familia, ukoo, kijiji, soko, mji. Mtu wa sosholojia anauliza "kwa nini?" Kwa nini nyumba hii ina chakula na ya jirani haina, na mvua iliyonyesha ni moja? Kwa nini wasichana wa ng'ambo ya mto wanaacha shule mapema kuliko wa huku?

Kazi ya ustawi wa jamii, hiyo ndiyo yangu mimi, inauliza "sasa tufanye nini?" Huyu mtoto ameacha shule, tufanye nini? Huyu mjane amenyang'anywa shamba, tufanye nini?

Haya maswali mawili ni kama macho mawili. Ukifunga moja bado utaona, lakini utakosea kupima umbali na utajikwaa.

Sasa kuna watu ambao maisha yao yote ni kuyafundisha na kuyachunguza maswali haya. Wanapata shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, kisha ya uzamifu. Wanaanza kama wahadhiri wadogo, wengine wanafika kuwa maprofesa. Kazi yao ina sehemu tatu: kufundisha darasani, kwenda mashinani kuuliza na kuhesabu, na kuandika walichokiona ili wengine wakisome na wakipinge kama si kweli. Pia wanawapeleka wanafunzi kufanya kazi kwa vitendo katika hospitali, mahakama na vijiji, kisha wanakuja kuona kama kazi inafanyika.

Mimi nina diploma tu, sikufika huko. Lakini nilipokuwa chuoni tulifundishwa habari za mama mmoja ambaye sijamsahau. Nitawasimulia maisha yake, halafu mtaona kama kazi hii ni ya maana au ni ya kupoteza mtamba.

BINTI WA MJI MDOGO

Aliitwa Edith Abbott. Alizaliwa mwaka 1876 Marekani, katika mji mdogo wa Grand Island, jimbo la Nebraska. Huko ni nyanda za mahindi na ng'ombe. Baba yake alikuwa wakili, na mama yake alikuwa akipigania wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Hawakuwa watu wa kulala njaa. Lakini mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, benki nyingi zikafungwa, na miaka hiyo ukame ulipiga nyanda zile. Pesa za kumpeleka Edith chuo kikuu zikakosekana.

Alikuwa na miaka 17. Alirudi nyumbani akafundisha katika shule ya upili ya mji wao. Alisoma masomo ya chuo kwa barua, na wakati wa likizo akaenda darasani. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1901. Hesabu mwenyewe: miaka minane tangu amalize shule. Wale mama zetu wanaosoma usiku kwa taa ya sola ili wafanye mtihani wa taifa, nataka mjue kwamba njia hiyo imepitwa na wengi kabla yenu.

Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Chicago, akapata shahada ya uzamifu katika uchumi mwaka 1905. Mwaka uliofuata akaenda London, Uingereza, akasoma kwa Sidney na Beatrice Webb. Huyu Beatrice alikuwa amefanya kazi katika uchunguzi mkubwa wa Charles Booth. Booth alikuwa tajiri wa biashara ya meli ambaye alitaka kujua kwa hakika ni watu wangapi wa London ni maskini. Alituma watu mtaa kwa mtaa, na matokeo yakajaza vitabu 17. Walikuta kwamba karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa maskini. Na walipotafuta sababu, ulevi na uvivu havikuwa mbele. Kilichokuwa mbele ni mishahara midogo, vibarua vya leo vipo kesho havipo, ugonjwa na uzee.

Ndugu zangu, mnaona kitu hicho? Kabla ya kuhesabu, kila mtu mwenye shibe alikuwa na maoni yake juu ya maskini. Baada ya kuhesabu, maoni mengine yalibaki bila miguu.

MLANGO KWA MLANGO

Mwaka 1908 Edith alihamia Hull House, jijini Chicago, pamoja na mdogo wake Grace. Hull House ilifunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr. Ilikuwa nyumba kubwa katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini kutoka Italia, Ugiriki, Urusi na kwingineko. Watu waliosoma walihamia kuishi pale pale, katika mtaa wenye matope na takataka. Kulikuwa na shule ya watoto wadogo, masomo ya jioni kwa wafanyakazi, na mahali pa kuoga. Mwaka 1895 wakazi wa nyumba hiyo walikuwa wamechapisha ramani za rangi zilizoonyesha, nyumba kwa nyumba, watu wa mtaa ule walitoka nchi gani na kila familia ilipata mshahara kiasi gani kwa wiki.

Wahenga wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa waliamua kulala kwenye kitanda.

Hapo Edith alifanya kazi na mama mwingine, Sophonisba Breckinridge, mwanasheria kutoka Kentucky. Walifundisha katika shule ndogo ya wafanyakazi wa ustawi iliyoitwa Chicago School of Civics and Philanthropy. Edith alifundisha pia njia za uchunguzi katika idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Chicago. Lakini hawakukaa na wanafunzi wao darasani tu. Waliwatoa nje. Waliwapa kalamu, karatasi na futi ya kupimia, wakawatuma mlango kwa mlango. Chumba hiki kina urefu gani? Kina dirisha? Wanalala watu wangapi humu? Choo ni kimoja kwa familia ngapi? Kodi ni pesa ngapi?

Walikuta vyumba vya chini ya ardhi vyenye unyevu. Walikuta vyumba bila dirisha hata moja, na choo kimoja kinatumiwa na familia nyingi. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ilikuwepo tayari. Sheria ya mji ilisema chumba cha kulala kiwe na nafasi na hewa ya kutosha kwa kila mtu anayelala ndani. Wakubwa walikuwa wameridhika kwa kuwa sheria imeandikwa. Wanafunzi wenye futi ndio walioonyesha kwamba sheria iko kwenye karatasi na watu wako gizani.

Edith na Breckinridge walichunguza pia watoto. Chicago ndiko kulikofunguliwa mahakama ya watoto ya kwanza Marekani, mwaka 1899. Wao walichukua kumbukumbu za miaka kumi ya kwanza ya mahakama hiyo, kisha wakafuatilia nyumba walizotoka watoto wale. Kitabu chao kilitoka mwaka 1912. Watu walikuwa wakisema, "Hawa ni watoto wabaya." Uchunguzi ulionyesha nyumba zenye umaskini, mzazi mmoja aliyekufa, wazazi wahamiaji wasiojua lugha ya mji, familia nzima imebanana kwenye vyumba viwili. Mwaka 1917 wakatoa kitabu kingine kuhusu watoto wanaokosa shule. Tena hawakuishia kusema "watoto watoro." Walienda nyumbani kuuliza. Wakakuta ugonjwa, kukosa nguo na viatu, na watoto waliobaki nyumbani kusaidia kazi.

Mama yeyote hapa angewaambia hayo bila kwenda chuo kikuu. Ni kweli. Lakini mama akisema peke yake, anaambiwa ni kilio chake. Nyumba mia tano zikisema, na kila moja imeandikwa, hicho kinakuwa kitu ambacho mkubwa hawezi kukifagia chini ya mkeka.

KOSA LANGU MWENYEWE

Hapa lazima niseme jambo langu, na si rahisi kulisema.

Mwaka 2009, mnaukumbuka ule ukame. Ng'ombe walikufa, mito ikawa mchanga. Mimi nilikuwa kijana, nina diploma mpya na pikipiki ya ofisi. Nilitumwa kwenye kijiji kimoja kuandika familia 60 zitakazopata chakula. Nilifika asubuhi. Mzee wa kijiji alikuwa amewaita viongozi wa vikundi chini ya mti wa mkutano. Walikuja na madaftari yao. Wakasoma majina, mimi nikaandika. Walikuwa watu waaminifu, sikuona mtu akimwingiza ndugu yake. Saa nane nilikuwa nimemaliza, nikapiga muhuri. Nilifurahi kwamba nimefanya kazi ya siku tatu kwa nusu siku.

Mwaka uliofuata mvua ilikata barabara, nikapita njia ya nyuma ya kilima. Nikakuta nyumba ambayo sikujua iko. Alikuwa nyanya mmoja na wajukuu wanne. Mkubwa wao, mvulana, hakuwepo. Nikaambiwa yuko kwenye machimbo anavunja kokoto. Alikuwa ameacha darasa la saba wakati wa ule ukame ili wadogo zake wale.

Nyanya aliniangalia, akaniuliza, "Wewe si ndiwe uliyeandika watu? Nilikuona ukipita na pikipiki. Nilidhani labda nyumba yangu haionekani."

Nilikwenda kuuliza viongozi kwa nini jina lake halikusomwa. Jibu lilikuwa rahisi sana. Alikuwa ameshindwa kutoa mchango wa kikundi, shilingi ishirini kwa wiki, kwa hivyo jina lake lilikuwa limekatwa kwenye daftari. Na mimi niliandika kutoka kwenye daftari.

Mnaelewa kosa lilikuwa wapi? Aliyekuwa maskini kuliko wote ndiye aliyeondolewa kikundini kwa sababu ya umaskini, na kwa kuwa hayumo kikundini, akakosa chakula cha maskini. Hakuna mtu aliyeiba. Hakuna mtu aliyekuwa na moyo mbaya. Nilichokosa ni kutembea. Ningepita mlango kwa mlango, hata kwa siku tatu, ningemkuta.

Yule mvulana hakurudi shule. Leo ni mtu mzima, ana familia yake, na bado anavunja kokoto. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri. Hanilaumu. Lakini mimi nikiona kokoto zimerundikwa kando ya barabara, nakumbuka ile orodha yenye muhuri wangu.

MOYO MWEMA HAUTOSHI

Kwa hivyo nikirudi kwa Edith Abbott, naelewa kwa nini alikuwa mkali. Siku zile watu wengi walidhani kwamba kusaidia maskini kunahitaji moyo mwema tu. Anayetaka kusaidia anafuatana na aliyemtangulia, anajifunza kwa kuangalia, basi. Edith alisema hapana. Daktari mwenye moyo mwema asiyejua dawa ataua mgonjwa. Vivyo hivyo mtu anayeingia nyumba za watu, anayeamua nani apewe na nani anyimwe, lazima afundishwe. Ajue sheria. Ajue historia, jinsi maskini walivyotendewa zamani na makosa gani yalifanyika. Ajue takwimu. Ajue serikali inavyofanya kazi na pesa inapitia wapi. Na hayo yote ayajue huku miguu yake iko mashinani.

Mwaka 1920 yeye na Breckinridge walifanikiwa kuiingiza ile shule yao ndogo ndani ya Chuo Kikuu cha Chicago. Haikuwa rahisi. Wako wasomi waliotaka sosholojia ibaki sayansi safi, na kazi za kusaidia watu waliziona ni mambo ya kina mama. Mwaka 1924 Edith akawa mkuu wa shule hiyo, kazi aliyoishika hadi 1942. Mwaka 1927 yeye na Breckinridge walianzisha jarida, Social Service Review, ambalo linachapishwa hadi leo.

Je, maskini walipata nini? Swali zuri. Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1911 jimbo lao la Illinois lilipitisha sheria ya kuwapa pesa wazazi maskini, ili walee watoto wao nyumbani badala ya watoto kupelekwa kwenye makao. Edith na Breckinridge hawakupiga makofi na kwenda zao. Walifuatilia jinsi sheria ile inavyotekelezwa, nani anapata, nani anakosa, pesa inatosha au haitoshi, wakaandika ripoti mwaka 1921. Mdogo wake Grace aliongoza ofisi ya taifa ya mambo ya watoto kutoka 1921 hadi 1934. Mwaka 1935 Marekani ilipopitisha sheria kubwa ya hifadhi ya jamii, ndani yake uliwekwa msaada kwa watoto wasio na wa kuwatunza, na Grace alikuwa miongoni mwa walioshauri.

Sisi Kenya pia tumeona jambo la namna hiyo. Mpango wa pesa kwa familia zinazolea mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004. Mwaka 2018 ukaja wa wazee wa miaka 70 na zaidi, huu tunaouita Inua Jamii. Na sisi pia tuulize swali la Edith: nani yuko kwenye orodha, na nani yuko nyuma ya kilima?

Sitaki mdhani kwamba kuandika vitabu kunamaliza shida. Kitabu cha nyumba za Chicago kilitoka mwaka 1936, baada ya miaka 25 na zaidi ya uchunguzi, na wakati kinatoka watu wengi walikuwa bado wanaishi katika nyumba zile zile mbaya. Utafiti ni taa, haujengi nyumba. Edith alifundisha hadi uzeeni, akarudi Grand Island, akafariki huko mwaka 1957. Kilichobaki nyuma yake ni shule, vitabu, na wanafunzi wengi waliojua kugonga mlango kabla ya kuandika jina.

WAKIJA KUTUULIZA

Sasa najua mnataka kusema nini. "Madam, hawa watafiti tunawajua. Wanakuja na simu na fomu, wanatuuliza tunakula mara ngapi, tuna mbuzi wangapi, wanaondoka. Hatuwaoni tena."

Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini pia mjue kuna uchunguzi ambao ulitupa heshima. Mwaka 1977 Philip Mbithi, aliyekuwa akifundisha sosholojia Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Rasmus Rasmusson, walitoa kitabu juu ya harambee hapa Kenya. Michango yetu ya shilingi na ya mikono, shule na miradi ya maji iliyotokana nayo, ikaandikwa na kusomwa na watu wa mbali kama maendeleo ya kweli, si mchezo wa wanakijiji. Haba na haba yetu iliingia kwenye hesabu.

Kwa hivyo tusiwafukuze. Tuwapokee, lakini kwa macho wazi. Shikeni mambo haya:

Kwanza, mtafiti aonyeshe barua ya chuo chake na kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Mwombeni kwa heshima. Aliye wa kweli hatakasirika.

Pili, aeleze kwa lugha mnayoelewa anatafuta nini na majina yenu yatafichwa vipi. Una haki ya kukataa swali, na una haki ya kuacha katikati. Hakuna chifu wala mwenyekiti anayeweza kukulazimisha.

Tatu, mwambieni mapema: "Ukimaliza, rudi utuambie ulichokiona." Andikeni jina na simu yake kwenye daftari la kikundi. Asiporudi, pigeni.

Nne, na hii ni yetu sisi: tuseme kweli. Tukisikia watu wa fomu, wengine tunaficha mbuzi ili tuonekane maskini, na wengine tunaona aibu tunasema tunakula mara tatu. Wote wawili wanaharibu. Orodha ya uongo ikienda juu, msaada utakuja wa uongo.

JIBU KWA BABA

Baba yangu, uko pale nyuma, nakuona. Sasa nikujibu.

Sitakuambia uza mtamba, wala sitakuambia usiuze. Ng'ombe ni wako na binti ni wako. Lakini nitakuambia ukweli kama ninavyoujua. Shahada hiyo kwa kawaida ni miaka minne. Akimaliza hatapewa kazi siku ya pili. Wengine wanakuwa maofisa wa watoto, wengine wa probesheni, wengine wanafanya kazi hospitalini au kwenye mashirika. Wengine wanakaa nyumbani muda mrefu wakitafuta. Wachache wanaendelea hadi uzamili na uzamifu na kufundisha chuo kikuu, na hiyo ni safari ndefu ya miaka mingi. Si njia ya utajiri wa haraka. Aombe mkopo wa HELB mapema, na karo mjue yote kabla ya kugusa zizi. Na kama kikundi chako kitaamua kuchangia, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Lakini uliuliza ni kazi gani. Nakujibu: ni kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna nyumba isiyoonekana. Kama ningefundishwa vizuri zaidi, au kama ningekumbuka nilichofundishwa, pengine mvulana mmoja angemaliza shule. Nchi inayowakosa watu wa kazi hiyo inaandika orodha chini ya mti.

Na nina ombi. Kabla chuo hakijafunguliwa, nipe binti yako wiki mbili. Tumeamua kijiji chenu kihesabiwe na wenyewe, nyumba kwa nyumba, kabla ya kuomba pesa za tangi la maji. Atatembea na kina mama wawili wa kikundi. Watauliza kila nyumba: mko wangapi, maji mnachota wapi, inachukua saa ngapi, nani hayumo katika kikundi chochote, na kwa nini. Wakimaliza, watasoma matokeo mbele ya baraza, bila kutaja jina la mtu. Akirudi jioni na vumbi miguuni, muulize kama bado anaitaka kazi hiyo. Jibu lake litakusaidia kuliko maneno yangu.

Na nyinyi viongozi, msiniletee majina kutoka kwenye daftari tena. Daftari la kikundi ni la wanakikundi. Kijiji ni kikubwa kuliko daftari.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba gani ambazo hazimo katika kikundi chochote? Tunajua sababu, au tunadhani tu?

2. Tangu mwaka jana, ni nani ameondolewa kikundini kwa kushindwa kutoa mchango? Nani amekwenda kumwona nyumbani?

3. Mtafiti wa mwisho aliyetutembelea alitafuta nini? Alirudi kutuambia alichokiona?

4. Tukitaka kuhesabu kijiji chetu wenyewe, ni maswali gani matano tungeuliza kila nyumba? Nani atatembea, na ataanza siku gani?